Hyman Rickover, Mwana wa Fundi Cherehani

Ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri kwa kawaida huwa wa mashujaa wetu wenyewe. Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na Shaaban Robert wamekwisha kuandikwa na kuandikwa tena. Safari hii nimemwomba mwalimu mlezi wa chama chetu aniruhusu nilete mgeni, tena mgeni mwenyewe mkali kama pilipili mbuzi.

Sababu ninayo. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, kule Kilifi, waliandamana kukataa kujengewa kituo cha umeme wa nyuklia, na baadaye macho ya serikali yakaanza kuelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Tangu hapo ubishi umehamia bwenini kwetu. Kuna wanaosema hilo ni bomu lililovikwa kanzu. Kuna wanaosema waacheni watu wapate umeme bwana, hapa Taveta stima ikipotea wakati wa prepu tunasomea nini, mwezi? Lakini ukiwauliza wote hicho kinu kinafanyaje kazi, na ni nani aliyekijenga kwanza, wanabaki kutazamana. Basi nikaamua kutafuta.

Duniani kuna vinu vya nyuklia vya umeme kama 440, na zaidi ya thuluthi mbili ni vya aina moja, yaani vile vya maji yaliyobanwa kwa presha. Mtu aliyekitoa kinu hicho kwenye karatasi hadi kikasukuma meli na kuwasha taa za mji aliitwa Hyman George Rickover.

Alizaliwa Januari 1900 katika mji mdogo wa Maków, nchini Poland, wakati huo ukiwa chini ya mfalme wa Urusi. Jamaa zake walikuwa Wayahudi, na baba yake, Abraham, alikuwa fundi cherehani. Wayahudi katika dola ile waliishi roho mkononi. Fundi akatangulia Marekani, akajikusuru, akamleta mkewe na watoto, Hyman akiwa na umri wa miaka sita hivi. Walikaa New York kidogo kisha wakahamia Chicago. Waliponea chupuchupu bila kujua, kwani katika Vita vya Pili vya Dunia Wayahudi waliobaki Maków karibu wote waliuawa na Wajerumani wa Hitler.

Umaskini uliwafuata ng'ambo ya bahari. Hyman alianza kazi ya ujira akiwa na miaka tisa tu: alikuwa akimshikia jirani taa ili aone mashine yake, kwa senti 3 kwa saa. Alipoingia sekondari akawa tarishi wa telegramu, anasoma mchana na kuzunguka mjini jioni. Shule hakuiacha. Alimaliza mwaka 1918, na mbunge wa Chicago, Adolph Sabath, mhamiaji Myahudi kama yeye, akampendekeza aingie chuo cha maofisa wa Jeshi la Wanamaji kule Annapolis.

Alihitimu mwaka 1922 akiwa wa 107 kati ya 540. Si nambari ya kupigia ngoma kijijini, lakini alikuwa mtu wa kusoma wenzake wakienda kucheza dansi, na hilo halikumletea marafiki. Mwaka 1929 alipata shahada ya pili ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akaomba kazi ndani ya nyambizi.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu bila kuijua nyambizi ya siku zile huwezi kumwelewa mtu huyu. Nyambizi ni meli izamayo kwa hiari yake. Injini zake zilikuwa za dizeli, na dizeli haiwaki bila hewa. Kwa hiyo ikizama ilitumia betri, na betri zikiisha ilibidi ipande juu, adui apende asipende. Kwa kweli ilikuwa meli ya kawaida yenye ujuzi wa kujificha kwa muda mfupi. Rickover aliishi ndani ya chombo cha namna hiyo, S-48, kilichokuwa maarufu kwa kuharibikaharibika. Nadhani huko ndiko alikojifunza kuichukia mashine iliyotengenezwa kivivu.

Wakati wa Vita vya Pili alisimamia idara ya umeme ya meli za kivita kule Washington. Halafu mwaka 1946, akiwa kapteni wa miaka 46, umri ambao wengine huanza kuhesabu siku za pensheni, alitumwa Oak Ridge, Tennessee, walikokuwa wanasayansi wa atomu. Mabomu yalikuwa yamekwisha kuangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka uliotangulia. Swali la Rickover lilikuwa tofauti: je, moto ule hauhitaji hewa, mbona usisukume nyambizi?

Wazo la kutumia maji ya kawaida yaliyobanwa halikuwa lake, tusimpe asichostahili. Lilitoka kwa mwanasayansi Alvin Weinberg wa hapo hapo Oak Ridge. Kazi ya Rickover ilikuwa kulifanya wazo liwe chuma.

Nieleze kinu chenyewe kwa mfano wa nyumbani. Sote tunauona mlima Kilimanjaro asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Waliopanda hadi kileleni, mita 5,895, watakuambia maharagwe huko hayaivi. Maji yanachemka yakifika nyuzi 80 hivi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, haiyabani. Kinu hufanya kinyume cha Kilimanjaro. Katika vinu vya leo maji hubanwa kwa presha karibu mara 150 ya ile ya hewa tunayovuta, na hapo yanaweza kupita nyuzi 300 na yasichemke. Yako moto wa kutisha lakini bado ni maji. Ndani ya maji hayo kuna fito zenye urani. Chembe ndogo ziitwazo nyutroni zinapasua atomu za urani, joto linatoka, nyutroni nyingine zinaruka na kupasua atomu nyingine, mchezo unaendelea. Maji ya moto hupita katika mabomba yaliyozungukwa na maji mengine ya upande wa pili. Hayo ya pili ndiyo yanayochemka, na mvuke wake huzungusha mapanga ya turbini. Kwa njia hii maji yaliyogusana na kinu hayafiki kwenye turbini kabisa.

Kuna jambo jingine linalopendeza. Nyutroni zikitoka huwa na mbio mno, na mbio hizo hazifai kwa kupasua urani. Maji ndiyo huzipunguzia mwendo. Sasa kinu kikipata joto kupita kiasi, maji hutanuka, yanakuwa mepesi, nyutroni chache ndizo hupunguzwa mwendo, na moto wenyewe unafifia. Maji yanapoza, tena yanashika hatamu.

Lakini kinu ni jiko la makaa, si jiko la gesi. Ukikizima, joto halikatiki papo hapo. Mara tu baada ya kuzimwa hubaki na asilimia 6 au 7 hivi ya nguvu yake, nayo inapungua polepole kwa siku nyingi. Maji yakikosekana wakati huo, fito huyeyuka. Tafadhali likumbuke neno hili la makaa, tutakutana nalo mbele.

Mwaka 1949 Rickover aliwekwa kuwa mkuu wa vinu vya meli, tena katika ofisi mbili kwa pamoja: Jeshi la Wanamaji na Tume ya Nishati ya Atomu. Husimuliwa kwamba akitaka jambo, aliandika barua akiwa mtu wa jeshi, kisha akaijibu mwenyewe akiwa mtu wa tume, na jibu likawa ndiyo. Ujanja wa sungura huo.

Kujenga sasa ndiko kulikokuwa na kazi. Fito za urani zilihitaji vazi la chuma kisichokula nyutroni na kisichoharibiwa na maji ya moto. Chuma hicho ni zirkoniamu, na wakati ule kilikuwa adimu. Rickover alisukuma hadi kikatengenezwa kwa wingi. Pampu zilitakiwa zisivuje hata tone. Kila mshono wa mabomba ulipigwa picha za eksirei kama mfupa wa mgonjwa. Kampuni ya Westinghouse, iliyopewa kazi ya kinu, ilijua kwamba anaweza kuingia kiwandani saa yoyote, na akiona kosa hakuna wa kumtuliza.

Kinu cha majaribio kilijengwa katika jangwa la Idaho, mbali na bahari, ndani ya kipande cha nyambizi kilichozungukwa na tangi la maji. Kilianza kuwaka Machi 1953. Miezi michache baadaye walikijaribu kwa nguvu zote, na baada ya saa 24 wahandisi wakataka kukizima, kwa kuwa walichohitaji walikwisha kukipata. Rickover alikataa katakata. Akaagiza iletwe ramani ya bahari ya Atlantiki, wachore safari kama vile nyambizi inatoka Amerika kwenda Ulaya. Hitilafu zikatokea moja baada ya nyingine, watu wakamsihi, naye hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kinu kiliendelea kwa siku nne hivi, mpaka mstari ule kwenye ramani ukagusa Ireland. Mtambo ulikuwa umevuka bahari bila kutoka jangwani!

Wakati huohuo wakubwa wa jeshi walikuwa wanataka aondoke. Mara mbili, 1951 na 1952, walimnyima cheo cha admirali, na kwa sheria ya jeshi kunyimwa mara mbili maana yake ni kustaafu. Walimwona mjeuri, na kusema kweli hawakukosea. Wabunge ndio waliomwokoa mwaka 1953. Nyambizi Nautilus iliingia majini Januari 1954, na tarehe 17 Januari 1955 ikaondoka bandarini kwa nguvu za nyuklia. Agosti 1958 ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini.

Sisi wa Taveta haitupi shida kuelewa yaliyofuata. Reli yetu ya kutoka Voi ilijengwa na Waingereza mwaka 1915 na 1916 kubeba askari na mizinga kwenda kupigana na Wajerumani ng'ambo ya mpaka. Raia wakaja kuitumia baadaye. Kinu cha Rickover nacho kilizaliwa kwa ajili ya vita, kisha kikapewa kazi ya kiraia. Kule Shippingport, jimbo la Pennsylvania, kando ya mto Ohio, alisimamia ujenzi wa kituo cha umeme cha megawati 60. Ujenzi ulianza Septemba 1954. Kinu kiliwaka tarehe 2 Desemba 1957, na mwezi huohuo umeme ukaanza kuingia majumbani.

Kutoka hapo kinu kikawa bidhaa. Mteja wa kwanza wa kijeshi alikuwa Uingereza. Chini ya mkataba wa mwaka 1958 aliuziwa kinu kamili cha nyambizi, na Rickover, ambaye kwa siri za kazi yake alikuwa bahili kupindukia, aliafiki kwa masharti: iwe kampuni kwa kampuni, Westinghouse kwa Rolls-Royce, na baada ya hapo Waingereza wajitegemee. Kinu hicho kikawekwa ndani ya nyambizi yao Dreadnought.

Kwa upande wa umeme, mojawapo ya nchi za kwanza kupelekewa ilikuwa Ubelgiji, kinu kidogo cha Westinghouse kule Mol kilichowashwa mwaka 1962. Kwa nini Ubelgiji, nchi ndogo vile? Hapa, ndugu msomaji, hadithi inarudi kwetu. Urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga, Kongo, mahali ambapo watu huongea Kiswahili kama mimi na wewe. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi huo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, na Wamarekani wakayanunua. Kwa sababu ya urani hiyo Ubelgiji ilifunguliwa mlango wa ujuzi wa nyuklia mapema kuliko wengi. Wachimbaji Waafrika waliotoa mawe yale kwa mikono hawakuambiwa ni ya nini. Kongo yenyewe ilipata kinu kidogo cha utafiti mwaka 1959, kule Kinshasa, lakini umeme wa nyuklia haijauona hadi leo. Mimi jambo hili lilinikera nilipolisoma, na bado linanikera.

Wafaransa nao walinunua leseni ya Westinghouse, wakajifunza, kisha wakawa wauzaji. Kampuni yao ya Framatome ndiyo iliyojenga vinu viwili vya Koeberg, karibu na Cape Town, vilivyoanza kutoa umeme mwaka 1984 na 1985. Warusi walibuni cha kwao cha namna hiyohiyo, na ndicho wanachokijenga El Dabaa, Misri, tangu mwaka 2022. Kenya ikinunua, huenda ikanunua mjukuu wa Shippingport.

Chuma kinauzika. Sasa tuone kisichouzika kirahisi. Rickover aliwahoji mwenyewe vijana wote waliotaka kuwa maofisa katika nyambizi zake, maelfu kwa maelfu. Kiti cha mhojiwa kilikatwa miguu ya mbele ili ateleze. Aliyejibu ovyo alifungiwa kwenye kistoo akafikiri vizuri. Kijana mmoja kutoka Georgia alijisifu kwamba chuoni alimaliza kati ya 60 wa kwanza darasani lenye zaidi ya 800. Rickover akamwuliza kama alijitahidi kadiri ya uwezo wake wote. Kijana alifikiri, akakubali kwamba si kila mara. Mzee akamwuliza kwa nini, akageuza kiti, mahojiano yakaisha. Kijana huyo, Jimmy Carter, alipata kazi, na mwaka 1977 akawa Rais wa Marekani.

Kila nyambizi mpya ilipojaribiwa baharini mara ya kwanza, Rickover alikuwa ndani yake karibu kila safari. Imani yake ilikuwa moja: jambo likiharibika, lazima awepo mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole, la sivyo hapakuwa na msimamizi. Vinu vya jeshi lake havijawahi kuyeyuka. Hata hivyo Aprili 1963 nyambizi Thresher ilizama na watu wote 129. Uchunguzi uliona huenda bomba la maji ya bahari lilipasuka, kinu kikajizima, na meli ikakosa nguvu ya kupanda juu. Rickover aliwashambulia mafundi wa mabomba, lakini ofisi yake pia ilibidi ibadilishe kanuni ili kinu kiweze kuwashwa tena upesi. Ukali wa mtu mmoja haukutosha kuziba kila tundu.

Halafu ikaja Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Kinu cha maji ya presha kilijizima salama, lakini vali moja ilifunguka ikakataa kufunga, maji yakawa yanatoroka. Yale makaa niliyoyataja yalikuwa bado yana moto. Waendeshaji zamu ile walikuwa wamefunzwa kazi katika nyambizi. Humo walifundishwa wasiruhusu hata siku moja tangi la kudhibiti presha lijae maji pomoni. Kipimo kikawaonyesha tangi linajaa, kumbe ndani ya kinu maji yanapungua. Basi wakapunguza maji ya dharura, na karibu nusu ya fito zikayeyuka. Walitii somo la meli ndogo ndani ya kinu kikubwa mara nyingi zaidi. Aliyekwenda kutazama siku chache baadaye, amevaa viatu vya kujikinga, alikuwa Rais Carter, mwanafunzi wa Rickover.

Mzee alishambulia pia shule za nchi yake. Mwaka 1959 alitoa kitabu akidai kwamba zinadekeza watoto, na mwaka 1983 alianzisha kituo cha kuwakutanisha vijana hodari wa sayansi. Walimu wetu wangempenda. Sisi, sina hakika.

Januari 1982, akiwa na miaka 82 na zaidi ya 60 kazini, serikali ya Rais Reagan ilimstaafisha kwa nguvu. Siku zilezile aliwashangaza wabunge alipowaambia kwamba hajivunii sana meli alizozijenga, kuwa ni uovu wa lazima, na kwamba angefurahi zote zizamishwe. Alihofu kwamba binadamu anaumba upya mnururisho ambao dunia ilichukua miaka isiyo na idadi kuupunguza ndipo uhai ukawezekana. Hayo aliyatamka mtu aliyekuwa ametumia zaidi ya miaka 30 akivijenga vinu.

Na doa halikukosekana. Mwaka 1985 ilithibitika kwamba kampuni ya General Dynamics, iliyounda nyambizi zake, ilikuwa imempa zawadi za zaidi ya dola 67,000 kwa miaka 16, vito vya mkewe vikiwamo. Waziri wa Jeshi la Wanamaji alimwandikia barua ya karipio. Rickover hakukana, ila alisisitiza kwamba zawadi hazikumpunguzia ukali kwa kampuni hiyo. Ukali wake naukubali. Zawadi asingezipokea.

Alifariki tarehe 8 Julai 1986 na kuzikwa katika makaburi ya Arlington. Kituo cha Shippingport kilikuwa kimezimwa mwaka 1982. Jungu la kinu chake halikukatwakatwa. Mwaka 1989 lilipakiwa zima kwenye tishari, likateremshwa mito ya Ohio na Mississippi hadi baharini, likapitishwa Mfereji wa Panama, likapanda pwani ya Pasifiki mpaka Hanford, jimbo la Washington, na huko likafukiwa ardhini.